Je, saraka ya programu-jalizi inaweza kuitangaza fremuweki ya chanzo huria isiyojulikana?

mtunza_msimbo aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mmoja wa watu wanne wanaotunza fremuweki ndogo ya wavuti ya chanzo huria (kiunzi cha kujengea tovuti, ambacho msimbo wake uko wazi kwa wote), na ninaleta swali ambalo limetusumbua kwa miezi kadhaa bila kupata muafaka.

Fremuweki yenyewe ni imara. Wanaoitumia wanatuandikia kwamba wameipenda, nyaraka zake zimekamilika kwa sehemu kubwa, na leseni yake ni ya MIT, kwa hiyo hakuna anayezuiwa kuitumia hata katika kazi ya kibiashara. Shida yetu ni kwamba watu wapya ni wachache mno. Kila anayetuuliza kabla ya kuanza mradi huja na maswali yale yale: je, ipo programu-jalizi, yaani kijiprogramu cha kuongezea fremuweki uwezo, ya kusajili watumiaji na kulinda manenosiri yao, ya kupokea malipo, ya kutuma barua pepe, ya kupakia picha? Mara nyingi jibu ni ndiyo, kwa kuwa watumiaji wetu wamekwisha kuziandika, lakini zimetawanyika katika hazina za msimbo za watu binafsi, na mtu asiyetufahamu hana njia ya kuzifikia.

Mpaka sasa tuna ukurasa mmoja tu ndani ya nyaraka wenye viungo 23, ambavyo viliongezwa kimoja kimoja kwa kila aliyeomba. Wiki chache zilizopita mgeni mmoja alichukua kutoka pale programu-jalizi ya kupanga foleni za kazi, akaisakinisha, nayo ikagoma kwa sababu iliandikwa kwa ajili ya toleo letu la 1 ilhali yeye alikuwa na toleo la 3. Hakumlaumu aliyeiandika. Alihitimisha kwamba fremuweki nzima ni mbovu, akaenda zake. Jambo hilo liliniuma, nikakaa kukagua orodha yote: programu-jalizi 9 hazifanyi kazi na toleo la sasa, na nyingine 2 viungo vyake vinaelekea kwenye kurasa zisizokuwapo tena.

Mwenzetu mmoja anapendekeza tujenge saraka kamili ya jumuiya, yenye tovuti yake, akaunti za waandishi, utafutaji na nyota za kupigia kura, akiamini kwamba itaitangaza fremuweki kuliko makala yoyote tutakayoandika. Mimi nina hofu mbili: kwamba tutafungua duka kubwa lenye rafu tupu, na kwamba kazi ya kulihudumia itatumaliza sisi wanne. Naomba walioshiriki katika saraka za namna hii watueleze nini hasa huwavuta watu, na nini tukiache.

---

fundi_vifurushi alijibu:

Ndugu, umeuliza swali lililo hai, na nadhani hadithi ya yule mgeni aliyeondoka imekwisha kukupa nusu ya jibu. Anayechagua fremuweki haji kuhesabu programu-jalizi. Anakuja na kazi mkononi, na anataka kujua kama ataimaliza kwa zana zako bila kukwama katikati. Saraka inayomjibu hilo ndani ya dakika chache inakutangaza. Saraka inayomwonyesha vitu 200 ambavyo nusu yake havifanyi kazi inakuharibia jina, tena inakuharibia zaidi ya ukimya.

Mfano ninaoupenda ni ule wa Django. Fremuweki hiyo ilitolewa kwa umma mwaka 2005, na kwa miaka kadhaa watu walikuwa wakiulizana kwenye orodha za barua pepe kifurushi kipi (msimbo uliofungashwa tayari kusakinishwa) ni bora kwa kazi fulani. Mwaka 2010, katika mashindano ya Django Dash, likazaliwa wazo la Django Packages, saraka ya vifurushi vya Django. Ukubwa wa orodha yake ni jambo la pili. Kilichoipa thamani ni majedwali ya ulinganisho. Unachagua tatizo, tuseme mifumo ya kuhariri makala, kisha unaona vifurushi vyote vinavyolitatua vikiwa vimesimama bega kwa bega, na sifa za kila kimoja zikiwa zimewekwa mstari kwa mstari. Msomaji anatoka pale akiwa ameamua. Nami nilipoyaona majedwali yale kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba jumuiya ile ina watu wanaofanya kazi halisi, jambo ambalo ukurasa wa mwanzo wenye maneno matamu haukuwahi kunishawishi.

Kuhusu rafu tupu, si lazima ujenge mahali pa kuhifadhia msimbo. Vifurushi vinahifadhiwa tayari katika rejista za lugha, kama vile npm kwa JavaScript, PyPI kwa Python na Packagist kwa PHP. Saraka yako inahitaji kuvikusanya tu. Gatsby, fremuweki ya JavaScript, walifanya hivyo kwa njia rahisi sana: mwandishi anaweka neno kuu «gatsby-plugin» katika faili la maelezo ya kifurushi chake, anakichapisha kwenye npm kama kawaida, na maktaba ya programu-jalizi inakiona yenyewe. Astro, fremuweki nyingine ya JavaScript, nao hukusanya kwa maneno makuu. Katika PyPI upo uainishaji rasmi unaomwezesha mwandishi kutamka kwamba kifurushi chake ni cha Django au cha Flask, fremuweki nyingine ya Python, na yeyote anaweza kuchuja kwa uainishaji huo. Kwa mpango wa namna hii hakuna akaunti za kusimamia wala fomu za kujaza. Mwandishi anaongeza neno moja, basi.

Zile nyota za kupigia kura ningeziacha kabisa. Jumuiya ikiwa ndogo, kura tatu za marafiki zinapindua orodha yote, na programu-jalizi nzuri iliyochapishwa jana inaonekana kama imekataliwa kwa sababu tu hakuna aliyeifikia.

---

mlinzi_wa_seva alijibu:

Nakubaliana na fundi_vifurushi kuhusu kukusanya, lakini naomba niongeze tahadhari, kwa kuwa saraka hizi zimewahi kuwaumiza hata wakubwa.

Mfano wa kwanza ni jQuery, maktaba ya JavaScript ambayo si fremuweki kamili, ila programu-jalizi zake ndizo zilizoieneza kila pembe ya wavuti. Saraka yake ya zamani ilikuwa imelemewa na barua taka. Desemba 2011, wakati wa kuhangaika na uchafu huo, kulifanyika kosa zito, data ya tovuti ikapotea, na nakala rudufu ya karibuni haikuwapo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Rejista mpya ilifunguliwa Januari 2013, na safari hii iliundwa kwa namna nyingine kabisa: maelezo ya kila programu-jalizi yalikaa katika faili ndani ya hazina ya mwandishi mwenyewe, na rejista iliyasoma kutoka huko kila toleo jipya lilipotiwa alama. Hatimaye hata rejista hiyo iligeuzwa kuwa ya kusomwa tu, waandishi wakaelekezwa npm. Kwa hiyo, ndugu mtunza_msimbo, data yenu iwe faili za maandishi katika hazina ya wazi, ili tovuti ikizama muweze kuijenga upya siku hiyo hiyo. Nuxt, fremuweki nyingine ya JavaScript, wanatunza orodha ya moduli zao kwa mtindo huo: kila moduli ina faili lake dogo katika hazina ya umma, na anayetaka kurekebisha maelezo anatuma pendekezo la mabadiliko kama anavyotuma kwa msimbo wowote.

Mfano wa pili ni Flask. Wao walikuwa na utaratibu wa viendelezi vilivyoidhinishwa, yaani orodha ya vile vilivyokaguliwa kwa ubora na ulinganifu. Wazo lilikuwa jema, na mgeni alipata uhakika aliouhitaji, lakini baada ya muda orodha ikawa ngumu mno kuitunza na utaratibu ukaachwa. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu ninyi mko wanne. Muhuri wa «imeidhinishwa» ni ahadi, na ahadi hiyo inahitaji kutimizwa upya kila mnapotoa toleo. Msiutoe kwa mkono. Mkiweza, acheni mashine iupime: kila usiku chukueni kila programu-jalizi iliyo katika orodha, isakinishwe juu ya toleo la sasa, majaribio yake yaendeshwe, na matokeo yaandikwe wazi pamoja na tarehe. Matokeo ya mashine hayana upendeleo na hayachoki.

Jambo la tatu ni usalama. Mwaka 2018 kifurushi cha npm kiitwacho event-stream, kilichokuwa kikitumiwa na miradi mingi sana, kilikabidhiwa kwa mtu aliyejitolea kukitunza. Naye akaingiza tegemezi (kifurushi kingine kinachosakinishwa pamoja nacho) lenye msimbo wa hila uliolenga pochi ya bitcoin iitwayo Copay. Hakuna aliyevunja mlango. Alipewa ufunguo. Saraka inayokusanya yenyewe kwa neno kuu itapokea kila kitu, chema na kibaya, kwa hiyo tenganisheni waziwazi programu-jalizi mnazozitunza ninyi na zile za jumuiya, na wekeni anwani ya faragha ya kupokea taarifa za udhaifu. Drupal, mfumo wa kuendeshea tovuti, wanaonyesha ngao kwenye ukurasa wa mradi ambao matoleo yake yako chini ya sera yao ya matangazo ya usalama, na mtumiaji anaona kwa jicho moja nani anafuatilia na nani hafuatilii.

---

mtunza_msimbo aliandika:

Nawashukuru nyote wawili. Nimesoma mara mbili, na tayari nyota tumezifuta katika mpango. Lakini kuna jambo bado linanitatiza. Mwenzangu anashikilia kwamba ni lazima tuonyeshe idadi ya vipakuliwa, kwa kuwa mgeni anataka kujua wengine wanatumia nini. Mimi nahisi namba zetu ni ndogo na zitamtisha. Pia ningependa kumsikia mtu anayeandika programu-jalizi: saraka inawezaje kumfanya aandike nyingine, au aendelee kuitunza aliyokwisha kuiandika?

---

mwandishi_jalizi alijibu:

Salaam. Nimeandika programu-jalizi za fremuweki tatu tofauti kwa muda wangu wa ziada, na nimezitelekeza mbili, kwa hiyo hapa nitasema kutoka upande wa pili wa meza.

Nianze na namba. Vipakuliwa vinavyohesabiwa na rejista kama npm si idadi ya watu. Kila mara mashine ya majaribio inapojenga mradi upya, inaweza kupakua kifurushi tena, na mradi mmoja wenye shughuli nyingi unaweza kuzalisha vipakuliwa vingi kwa siku bila mtu hata mmoja mpya kuingia. WordPress, mfumo mwingine wa kuendeshea tovuti, huonyesha makadirio ya usakinishaji ulio hai, na Drupal huhesabu tovuti zinazoulizia masasisho, lakini njia hizo zinahitaji kila tovuti iwasiliane na makao makuu, na jumuiya nyingine hazitaki jambo hilo kwa sababu za faragha. Ningekushauri uonyeshe vitu vitatu tu badala yake: tarehe ya toleo la mwisho, matoleo ya fremuweki ambayo programu-jalizi imejaribiwa nayo, na kama mwandishi anajibu hoja zinazofunguliwa (taarifa za kasoro na maombi ya watumiaji). Namba ndogo haimtishi mgeni kama inavyomtisha ukimya wa miaka miwili.

Sasa kuhusu sisi waandishi. Sikuzitelekeza zile mbili kwa uvivu. Ya kwanza ilikuwa ya fremuweki ambayo ilibadilisha vishikizo vyake vya ndani (sehemu ambazo programu-jalizi hujishikiza) katika toleo dogo bila kutangaza, na mimi niligundua kwa kutukanwa na mtumiaji. Ya pili niliwasilisha kwenye saraka, ikakaa kwenye foleni ya ukaguzi kwa muda mrefu bila neno, na nilipopata jibu nilikuwa nimeshahamia kwenye kazi nyingine. Ile ya tatu ninaitunza mpaka leo, na sababu yake ni ndogo kuliko unavyofikiri. Watunzaji wa fremuweki ile, kabla ya kutoa toleo kubwa, huendesha majaribio ya programu-jalizi zote zilizo katika saraka, kisha wanakuja kwenye hazina yangu na kuniambia: msimbo wako utavunjika mahali fulani, na hii hapa njia ya kuurekebisha. Mara moja walinitumia marekebisho yenyewe yakiwa yamekamilika. Baada ya kutendewa hivyo, ningewezaje kuwaacha?

Kwa hiyo lile jaribio la kila usiku alilolitaja mlinzi_wa_seva lisiwe la kumwonyesha mgeni tu alama ya kijani au nyekundu. Liwe kwanza barua kwa mwandishi. Mpe muda wa kurekebisha kabla hujamwekea alama nyekundu hadharani, na ukiweka alama hiyo, eleza kilichoshindikana. Saraka ya WordPress ina kawaida nzuri katika jambo hili: programu-jalizi ambayo haijajaribiwa na matoleo makubwa 3 ya karibuni huonyeshwa na tangazo la tahadhari juu ya ukurasa wake, lakini haifutwi, na mwandishi akirudi na kusahihisha maelezo, tangazo linaondoka.

Naomba pia mtengeneze kiolezo cha kuanzia. Iwe amri moja inayozalisha programu-jalizi tupu yenye muundo sahihi, leseni, majaribio ya mfano na lile neno kuu la kuingia katika saraka. Watu wengi wana msimbo mzuri ndani ya miradi yao ambao wangeutoa kwa moyo mweupe, lakini wanakata tamaa kwa sababu hawajui waanzie wapi kuufungasha. Na jina la mwandishi lionekane kwenye orodha yenyewe, lisifichwe ndani ya ukurasa wa pili. Hatulipwi, tunafurahi kuonekana.

---

msomaji_mkimya alijibu:

Huwa nasoma tu, lakini leo nachangia kidogo kwa kuwa nimechagua fremuweki mpya hivi karibuni, nikiwa mgeni wa aina anayoieleza mwuliza swali.

Sikulitafuta jina la fremuweki yoyote. Nilikuwa na tatizo, nilitaka kuzalisha faili za PDF kutoka kwenye fomu, nikaandika tatizo hilo katika mtambo wa kutafuta. Nilifika kwenye ukurasa wa programu-jalizi moja uliokuwa na anwani yake ya kudumu, maelezo ya aya mbili, mfano mfupi wa msimbo na kiungo cha kurudi kwenye fremuweki. Hivyo ndivyo nilivyoijua. Kama saraka ingekuwa ukurasa mmoja mrefu, au orodha inayojengwa na kivinjari baada ya kubofya vichujio, sidhani kama ningeifikia. Kila programu-jalizi na ipewe ukurasa wake, na sentensi ya kwanza itaje kazi inayofanywa kabla ya kutaja teknolojia.

Jingine: semeni wazi ni nini bado hakipo. Nilipoona orodha ya mapengo katika saraka ile nilijua mapema kwamba itanibidi niandike sehemu ya ujumbe mfupi mwenyewe, nikapanga muda wangu. Nilipoimaliza, nikaichapisha kwao.

---

mtunza_msimbo aliandika:

Sijui niwashukuruje. Orodha ya mapengo haikuwa imetujia akilini hata mara moja, na sasa naona kwamba ndiyo itakayojibu hofu yangu ya rafu tupu, kwa sababu rafu iliyoandikwa kinachotakiwa kuwekwa hapo ni mwaliko.

Tumekubaliana sisi wanne, pamoja na yule mwenzangu, kwamba hatutajenga tovuti mpya. Saraka itakuwa sehemu ya tovuti ya nyaraka iliyopo, itakusanywa kwa neno kuu kutoka kwenye rejista ya vifurushi, na maelezo ya ziada yatakaa katika hazina ya umma. Kila programu-jalizi itakuwa na ukurasa wake usiohitaji kivinjari kuujenga. Muhuri wa kuidhinisha hautakuwapo. Barua kwa waandishi itatangulia alama nyekundu kwa siku 30, muda ambao tumeukisia na tutaurekebisha tukiona haufai.

Jana usiku niliendesha jaribio la kwanza juu ya zile programu-jalizi 12 zilizosalia. Zimepita 11. Ile moja iliyogoma ilivunjwa na badiliko tulilolifanya sisi wenyewe katika toleo la 3 bila kuliandika kwenye nyaraka, kwa hiyo asubuhi hii nimemwandikia mwandishi wake kumwomba radhi na kumtumia marekebisho. Kwa zile 9 za matoleo ya zamani, nimeanza na ya foleni za kazi, ile iliyomfukuza mgeni wetu. Mwandishi wake amejibu kwamba hana tena muda, ila yuko tayari kuikabidhi. Baada ya kusoma habari ya event-stream hatutamtafuta mpokeaji haraka haraka. Tutaitunza wenyewe mpaka apatikane mtu ambaye tumekwisha kufanya naye kazi.

---

mlinzi_wa_seva alijibu:

Hapo mmefanya vyema. Siku ya makabidhiano, mwombeni mwandishi wa zamani abaki na haki ya kuchapisha kwa matoleo mawili au matatu ya mwanzo, na badilisheni funguo zote za rejista kabla ya toleo la kwanza la mtunzaji mpya.